Da Saumu, msomee mama (ya Bakari ukitaka ruka)

Assalaam alaykum Da Saumu,

Natumai nyote hamjambo hapo nyumbani, magoti ya mama yamepoa na Mwanaisha keshajifungua salama. Sisi huku alhamdulillah, baridi ishaanza kupiga lakini si neno, tumeizoea. Nimeona niandike yote kwa urefu manake voisi mama hazisikii vizuri, na kwa grupu ya familia mimi siandiki tena mpaka mtu fulani aombe msamaha. Msomee polepole baada ya Asri akiwa ametulia barazani. Ukifika kwa mambo ya Bakari ruka, au we soma tu, kwani ni uongo?

Nianze na hilo hilo. Mimi kuweka picha za watoto tukiwa matembezini Lisbon kwa stetasi ndo nimekula mali ya nani? Bakari, ndugu yetu wa damu, kaandika kwa grupu eti "wengine wako Ureno wanakula raha na sisi huku mvua inatunyeshea kitandani." Mbele ya kina ami wote, mbele ya wifi zangu, na wao si unawajua walivyo, walikaa kimya lakini wote wamesoma. Niliandika jibu refu nikafuta. Lakini nauliza tu, pesa ya tuktuk yake ilitoka wapi? Na hiyo tuktuk iko wapi sai? Nikitaka kuongea ntaongea mpaka kesho, basi niache.

Mama najua atauliza, mbona hamji nyumbani mnaenda kwa Wareno. Mwambie hivi. Zile ndege tulizopanda ni za bei ya chini kabisa, unabeba kibegi cha mgongoni tu ukiongeza kitu unalipishwa, mimi na Nasra na Hamisi na Rukia wa kupakata tumeenda na kurudi kwa pesa isofika hata nusu ya tiketi yangu mimi peke yangu ya kuja Mombasa. Disemba ndo usiseme. Ningekuwa na uwezo wa kuchagua, Da Saumu, walai ningekuwa hapo sai nakula mahamri na mbaazi nisiandike barua. Na hiyo safari nimeifanyia shifti za usiku, sikukopa wala sikumpunguzia mtu haki yake. Baba Nasra hakuja, kazi haikumpa nafasi.

Sasa sikia kwa nini Lisbon na sio kwingine, hapa mama msomee kwa sauti. Nasra shuleni walikuwa wanasomeshwa kuhusu wale mabaharia wa zamani, mwalimu akasema Vasco da Gama ndo alogundua njia ya kwenda India. Mtoto akanyoosha mkono akasema bibi yangu anakaa Mombasa, huyo mtu alipofika 1498 alikuta watu na majahazi na biashara inaendelea, na alipofika Malindi akapewa rubani wa kumvusha mpaka Calicut, sasa aligundua nini? Mwalimu badala ya kukasirika akamwambia basi tuandalie mada nzima darasa likusikilize. Kaandaa kurasa na picha, Fort Jesus imo, 1593 Wareno walipoanza kuijenga na 1698 Waomani walipowatoa, kapigiwa makofi na cheti kapewa. Miaka 11 huyo! Nikasema huyu mtoto lazima akaone kaburi la huyo bwana kwa macho yake.

Na ameliona. Liko Belém, mtaa wa Lisbon kando ya mto, ndani ya kanisa la Jerónimos ambalo walianza kulijenga 1501 kwa faida ya pilipili na mdalasini za huko huko alikopita. Ukiingia tu mlangoni unamkuta amelala wa mawe, mikono ameiunganisha kama anaomba dua, na upande wa pili kalala Camões yule mshairi wao. Watalii wanapiga picha wanapita. Nasra akasimama pale muda mrefu, halafu akasema kwa Kiswahili, na mimi nlidhani ameshakisahau, "kumbe ni mfupi hivi." Nilicheka mpaka mlinzi akanitazama.

Hapo Belém panatosha siku nzima ukiwa na watoto. Mnara wao ule wa ndani ya maji tuliuangalia kwa nje tu, inatosha, watoto hawana haja na ngazi za mawe. Karibu yake kuna mnara mwengine mrefu wa ukumbusho wa hao mabaharia, na chini yake sakafuni wamechora ramani ya dunia nzima kwa marumaru, zawadi ya Afrika Kusini, Hamisi na Rukia walikuwa wanakimbia kutoka Brazil mpaka India bila viza. Kisha ile makumbusho ya magari ya farasi ya wafalme, dhahabu tupu, Hamisi hakutaka kutoka. Na vile vitamu vyao vya mayai na maziwa, unavinyunyizia mdalasini vikiwa moto, hiyo duka iko tangu 1837, laini ni ndefu lakini ya kuchukua ukaondoka inaenda haraka. Tulikaa bustanini tukala, mimi nikala zaidi ya watoto, usimwambie daktari wangu.

Kitu kimoja nimewapenda Wareno, walai, ni adabu yao kwa watoto. Kuna sheria tangu 2016, mwenye mtoto mchanga mkononi, mjamzito, mzee, mlemavu, popote ahudumiwe kwanza. Mimi najipanga nyuma na Rukia mgongoni, nimemfunga na leso yangu ile ulonipa, mtu wa kaunta ananiona ananiita mbele kabisa! Na hakuna anayenuna. Vizee vya kwenye basi vinamchezea Rukia mashavu, vinaongea naye Kireno na yeye anawajibu kwa lugha yake. Huku nlipo mtoto akilia kwenye basi utadhani umefanya jinai. Gari la mtoto lakini usibebe, nilibeba nikajuta siku ya kwanza tu, mji wenyewe ni vilima vitupu wanasema saba, na njia zote ni vijiwe vidogo vyeupe na vyeusi vimepangwa kwa nakshi, vizuri kweli lakini vinateleza, na lifti ya stesheni moja ilikuwa mbovu. Leso ndo mpango.

Ile tramu ya njano namba 28 mloiona kwenye picha, ni vigari vya mbao vya miaka ya 1930 vinapita kwenye vichochoro vya Alfama, mtaa wao wa zamani, karibu vikwaruze kuta za watu. Tulipanda asubuhi na mapema tukapata viti. Ikifika saa nne imejaa watalii na wezi wa mfukoni, hapo haina raha tena. Alfama penyewe Da Saumu ungedhani uko Mji wa Kale, vichochoro hivyo hivyo, nguo zimeanikwa madirishani, samaki anachomwa nje, na mama mtu mzima kakaa kwenye kizingiti anaangalia nani kapita na nani. Nilitamani kumwamkia. Juu yake kuna ngome ya São Jorge, ilikuwa ya Waislamu mpaka 1147, sai ndani wamejaa tausi, wanatembea tu na kupiga kelele juu ya miti, watoto wakapanda kuta zote mimi nikabaki chini na roho yangu mkononi.

Sasa ya Bakari. Mwambie Lisbon imejaa tuktuk! Za umeme, zimepambwa, madereva wanaongea lugha tatu, na mtalii analipa makumi ya euro kwa saa moja tu ya kuzungushwa vilimani. Hamisi alipoiona ya kwanza akapiga kelele njiani "Mama, tuktuk ya Mjomba Bakari!" na mimi nikasema hapana mwanangu, hii inatembea.

Kama kuna mahali pamoja ningewaleta watoto wako wote na wa Mwanaisha ni Oceanário, jumba lao la samaki wa baharini, pale Parque das Nações, kule walikofanyia maonyesho makubwa ya dunia 1998. Katikati kuna tangi moja la maji ya bahari lita milioni 5, unalizunguka kwa juu kisha unashuka unalizunguka kwa chini, papa wanakupita usoni, samaki taa wanafunua mbawa, na kuna dude moja la samaki kubwa mviringo halina mkia utadhani kuna mtu amemkata nusu. Rukia alikaa mbele ya kioo hakupepesa macho, ndo mara ya kwanza safari nzima nikapata kupumzika. Kuna fisi maji wa baharini wanalala chali juu ya maji wanajisugua uso, na penguini kwenye barafu yao. Hamisi kamwangalia papa akauliza kwa sauti kama bibi anaweza kumpika yule wa nazi. Mama, unaona, mchuzi wako hajausahau, na alikuwa na miaka mitatu tu mlipoonana.

Jirani yake kuna jumba la sayansi, Pavilhão do Conhecimento, kila kitu ruhusa kushika. Kuna baiskeli inayopita juu ya waya hewani, chini yake wamefunga uzito mkubwa kwa hivyo haiwezi kupinduka, Nasra akapanda kavuka kwenda na kurudi, kina mama wengine wameziba macho, mimi narekodi. Video ntakutumia wewe tu, kwa stetasi siweki, si mnajua kwa nini. Halafu tukapanda vile vijumba vya kwenye waya vinavyopita juu ya mto, unaona daraja la Vasco da Gama linaenda mpaka linapotelea, kilomita 17 na barabara zake za kuingilia. Huyo bwana kila kitu ni chake, daraja, mnara, maduka. Huko kwetu tulimwachia nguzo ya Malindi, inamtosha.

Mama hii ni yako. Tulienda mpaka uwanja wa Benfica, nje kuna sanamu ya Eusébio anapiga mpira. Nikamsimamisha Hamisi hapo na kofia ya babu yake nikampiga picha. Nakumbuka marehemu baba na Mzee Kassim walivyokuwa wakibishana mpaka kahawa inapoa, Pelé au Eusébio, na baba anasema huyu ni wetu, kazaliwa Msumbiji, mabao 9 Kombe la Dunia 1966 nani mwengine. Sai amezikwa pamoja na wakubwa wao wa nchi. Baba angefurahi. Nilisimama pale nikalia kidogo, watoto nikawaambia ni upepo.

Ijumaa tulienda msikiti mkubwa wa karibu na Praça de Espanha, ulifunguliwa 1985, na waumini wake wengi wa mwanzo ni watu waliotoka Msumbiji. Kuna bibi mmoja wa huko kaskazini, Pemba ya kwao sio ya kwetu, kasikia namkemea Hamisi akageuka. Yeye anaongea Kimwani, mimi Kiswahili, na tukaelewana, si yote lakini ya kutosha, ya watoto na ya bei ya samaki na ya magoti. Akatoa sambusa kwenye mkoba wake akawapa watoto bila hata kuniuliza. Jina langu kasema atalitaja kwenye dua zake.

Mji wa Sintra tulienda kwa treni kutoka stesheni ya Rossio, kama dakika 40, majumba ya rangi kama pipi na shimo la ngazi za kuzunguka mpaka chini ya ardhi, watoto wamependa, mimi nilichoka sina la kusema. Pwani ya Cascais nzuri lakini maji yale, Da Saumu, ni Atlantiki, baridi, unatia kidole unaona mwezi. Nyali ibaki Nyali. Raha yao kubwa kuliko zote unajua ilikuwa nini? Feri! Ya Cais do Sodré kuvuka mto kwenda Cacilhas, euro moja na kitu, dakika chache tu, tukavuka tukarudi, tukavuka tena. Mimi nimekaa dirishani nasubiri kusikia mtu anauza njugu na vitabu vya dua, hakuna, kimya tu.

Haya, ya paa. Ntatuma kwako wewe, sio kwa Bakari, Jumatatu mshahara ukiingia. Inatosha mabati ya upande wa chumba cha mama na ya jikoni, upande wa Bakari asubiri au auze alichobakisha cha tuktuk. Mwite Fundi Juma, sio yule mwengine, na mabati uchague wewe mwenyewe dukani, ya geji nzito, risiti unipigie picha. Pesa ikifika usimwambie mtu mpaka fundi awe juu ya paa. Na mama akiuliza nakuja lini mwambie Inshallah mwakani, na asianze kuwaambia majirani.

Nasra anauliza yule paka mweupe kazaa?

Nduguyo,
Mama Nasra