Kubadili injini ya Land Rover 109: breki na kadi zimo kwenye bei

"Injini nimenunua mwenyewe. Kufunga tu ndiyo hela yote hii?" Wateja wanaotuuliza hivyo ni wengi, na wengine huondoka wakiamini tunawapiga. Tangu tamasha la Land Rover la Oktoba 2024 hapa Arusha, 109 za wazee zinatolewa mabandani moja baada ya nyingine, kwa hiyo jibu tunaliandika hapa.

Injini ya petroli iliyozoeleka ya 109 Series III ni ya cc 2286, farasi kama 70. Wengi hutuletea 300Tdi, injini ya dizeli ya Land Rover za baadaye: cc 2495, farasi 111. Inaingia vizuri. Ila sasa gari lina mbio ambazo breki zake hazikutengenezewa, na kadi ya usajili inaeleza gari jingine.

Tuanze na kadi, maana hapo ndipo watu wanapokwepa gharama. TRA, mamlaka ya mapato, wameandika humo namba ya chesisi, namba ya injini, ukubwa wake na aina ya mafuta. Ukitoa petroli ukaweka dizeli, mistari mitatu imeshakuwa ya uongo. Ndiyo maana kabla hatujafungua nati hata moja tunaomba kadi halisi na risiti au hati ya mauziano yenye namba ya injini. Kazi ikiisha, gari linakwenda kwa mkaguzi wa magari wa polisi wa usalama barabarani, kisha maombi ya kubadili taarifa yanapelekwa TRA. Kufuatilia hayo ni kazi, nasi tunaitoza.

Injini ya kijiweni isiyo na karatasi, au iliyosagwa namba, hatufungi, bosi, hata uongeze dau. Unafuu wake huisha siku ya kuuza: mnunuzi makini anafungua boneti, analinganisha namba na kadi, anaondoka. Polisi wakiitilia shaka, gari linalala kituoni mpaka uthibitishe injini ilikotoka. Na bima uliyokata ni ya gari lililoandikwa kwenye kadi. Ajali ikitokea, umewapa kampuni sababu ya kubishana nawe.

Namba ya chesisi usiiguse. Kwenye 109 imegongwa mbele upande wa kulia, karibu na mshikio wa springi, mahali panapopenda kutu. Fundi rangi asipite hapo na grainda. Asafishe kwa brashi laini na mafuta.

Breki ndizo zinazokula muda wetu. Buster, kifaa kinachousaidia mguu kukanyaga breki, kwenye gari la petroli hupata mvuto wa hewa kutoka manifodi, njia ya hewa inayoingia kwenye injini. Dizeli haina mvuto huo, inategemea pampu ya vakyumu. 300Tdi inayo yake. Kwenye injini nyingi za Isuzu pampu iko mgongoni mwa alteneta, na fundi akifunga alteneta ya bei rahisi isiyo na pampu, pedali inakuwa jiwe. Utaligundua ukishuka Rhotia kuelekea Mto wa Mbu na abiria sita. 109 za zamani zaidi zina masta silinda (pampu ya breki) ya njia moja: bomba moja likipasuka, magurudumu yote manne hayana breki. Hiyo tunabadili kuwa ya njia mbili, na hatutoi gari bila kufanya hivyo.

Mwisho difu, gia za kwenye ekseli. Difu ya 4.7 (shafti huzunguka mara 4.7 tairi likizunguka mara moja) na Tdi, ukifika 80 injini inapiga kelele na kunywa mafuta bure. Tunaweka 3.54, na mizunguko inapungua karibu robo. Lazima mbele na nyuma zilingane. Ukibadili ya nyuma tu kuokoa hela, siku utakayotia foo-wili kwenye lami kavu difu ya mbele na ya nyuma zinavutana hadi kitu kikatike. Tena spidomita ya 109 inasoma kutoka gia boksi ndogo, kabla ya difu, kwa hiyo baada ya difu mpya inaonyesha pungufu: ikisema 50, wewe uko kama 66. Ukipita hivyo kwenye kibao cha 50 pale Usa River, tochi haitakuuliza una difu gani. Kurekebisha spidomita kumo kwenye bei yetu. Ukilinganisha na bei ya gereji nyingine, waulize kama kwao pia kumo.