Masheri, hii ya leo siyo vokali

Masheri,

Jambo sana kutoka Bukavu. Tuko. Mvua inanyesha kila mangaribi, njia ya Kadutu imekuwa matope tupu, mama mukubwa anakusalimia na anauliza kama baridi ya Iowa haijakumaliza. Ile vokali yako ya juzi, ile sauti ya ku telefone yenye ulituma ukiwa ungali mu motoka kisha kazi, nimeisikiliza nikasema hapana, hii siwezi kuijibu na kamoyo kekundu tu, nitamuandikia kabisa.

Kwanza ile mambo ya grupu ya familia. Nimeona bale bakaka banaandika eti ulivuka bahari kwenda kulea batoto ba bantu, na bengine banaweka vicheko, na wewe unanyamaza vile uko. Kulea mutoto siyo kazi ya kuzarau hata kidogo, lakini ile unafanya na batoto benye usonji (otisme) iko kitu ingine, na kama hautaki kujitetea mi nitakutetea. Ulifanya masaa 40 ya mafunzo, kisha mutu akakukalia karibu kuangalia kama unaweza kweli kufanya na mutoto mbele yako, kisha egzame, njo ukapata ile setifika ya teknisie wa tabia yenye banaita RBT. Setifika yenyewe iko mupya, banaianzisha mu 2014 tu, njo maana hata kule Marekani bengi habajui ni nini. Na superviza wako, mwenye masters, anapashwa kuwa na wewe asilimia 5 tu ya masaa yako ya mwezi kwa uchache, maana yake ile yote inabakia uko weye na mutoto. Yeye anaandika mpango, weye njo unaketi chini ku tapi.

Hapo ku tapi njo minataka kukushukuru.

Ulinielezaka siku moja namna munafundisha mutoto kunawa mikono. Mi, mwalimu wa maternel na batoto benye kujaa paka ku mulango, nilizania unasema "nawa" na unamuonesha, basi. Kumbe mumeikata ile kitu vipande vipande: kufungua robine, kuloanisha, sabuni, kusugua, kusuuza, kufunga, kupanguza. Na kila kipande unaanza kwa kumushika mukono, kisha unashika kiwiko tu, kisha unagusa bega, kisha unaonesha na kidole, kisha hata kile kidole unakiondoa, na kila mara unaandika ku tableti kama amefanya yeye mwenyewe ao umemusaidia, juu superviza atasoma ile grafiki na kama mustari haupande anabadilisha mpango. Sisi huku tunapendaga mutoto atutegemee, akimulilia mwalimu wake tunajisikia ba maana. Weye unalipwa juu ya kujiondoa mu maisha yake pole pole. Sijui kama mi ningeweza, kusema kweli.

Na kuumwa meno! Uliongea ile kama vile mutu anaongea bei ya sukari, "leo ameniuma tena". Mi ningepiga kelele kwanza. Lakini ulisema jambo moja lenye lilibaki na mi: hauandike "mutoto mubaya", unaandika nini ilikuwa mbele, alifanya nini, na nini ilifuata. Basi. Unajua ule mutoto wa shemeji yangu, yeye haongee, na jioni alikuwa anajigonga kichwa ku ukuta. Bantu ba parsele bote banajua sababu, si unabajua, bamesema amelogwa, bamemupeleka ku chumba cha maombi, mama yake akafunga paka akakonda. Nilipokuuliza ulikataa kunipa mpango, ulisema "siko superviza, na mutoto sijamuona", na nilikasirika kidogo lakini sasa naona ulikuwa na akili. Ulisema tu tuandike. Tukaandika mu kale kakayi ka duka, mbele, yeye, nyuma. Na mule mu kakayi ikaonekana: ni mulina wa jirani. Saa wanaanza kusaga muhogo, yeye anaanza ukuta. Sasa ile saa mama yake anamupeleka chumba ya nyuma na redio kidogo. Haijaisha yote, nisikudanganye, lakini hakuna mutu tena anamufungisha mama yake chakula juu ya mashini ya kusaga.

Kisha kuna mambo ya picha. Ule dada wa santre moja huku, mwenye alifundishwa, njo alituanzisha, nikashangaa kwamba ni ile ile unafanyaka kule, ya mutoto kuomba kitu kwa kutoa picha, yenye banaita PECS, bantu babili ba Delaware, Andy Bondy na Lori Frost, balianza nayo mu 1985. Ule mutoto wa shemeji anapenda sambaza za kukaanga, tule tusamaki tudogo, kuliko kitu chochote mu dunia hii. Basi tukapiga picha ya sambaza, tukaibandika ku karto. Mama yake anaketi mbele na sahani, mi naketi nyuma ya mutoto, na mi sina ruhusa ya kusema hata neno. Mutoto ananyoosha mukono ku sahani, mi nachukua ule mukono polepole naupeleka ku karto, anaitia mu mukono wa mama, na mama paap anamupa sambaza na anasema "sambaza!" Tena. Tena. Mugongo inauma, mafuta ku kikwembe, mutoto ananuka samaki na mi pia. Halafu kuna mara moja nilichelewa kumushika na yeye akachukua karto mwenyewe akampa mama. Shemeji alilia mbele ya sahani. Mi niliwaza: masheri anafanyaka hii siku muzima, na batoto benye siyo ba damu yake, na kesho asubui anarudi.

Najua pia kuna bakubwa benye usonji kule Marekani benye hawaipendi hii tiba ya tabia yenye unafanya. Ivar Lovaas, mwanasaikolojia wa universite ya UCLA, mwenye utafiti yake ya 1987 ilieneza hii tiba ya masaa 40 kwa wiki, mu kazi yake ya miaka ya mbele alitumia adhabu, hata umeme ku mwili wa mutoto. Mutu akisema iliniumiza, mi sibishane naye. Lakini njo maana mwenye kuketi ku tapi ana maana kuliko karatasi. Weye ulinambia haulazimishe mutoto akuangalie mu macho, na akisukuma vitu kusema nimechoka, munasimama. Mpango uwe muzuri namna gani, kama ule mwenye kuutumia hana huruma ni bule.

Na franga ndogo, masheri, hapo siwezi kunyamaza. Unalipwa kwa saa, familia ikipiga simu asubui kusema mutoto ana mafua, ile saa imekufa na weye umeisha kuchoma mafuta ya motoka. Tarehe 2 Aprili, siku ya dunia ya usonji, bote banabadilisha profil banaweka bluu, bakubwa banatoa hotuba, na tarehe 3 weye uko mu motoka unakula mukate mbele ya nyumba ya pili. Hii mi naiona ni haya yabo, siyo yako.

Kitu ingine nakupendea: paka leo haujanitajia jina ya mutoto hata moja. Mi na mudomo yangu ningekuwa nimeisha kutaja bote.

Sasa nisaidie, na uulize superviza bila kusema ni nani. Ule mutoto wa shemeji amejua karto kabisa, sasa usiku watu bamelala anakuya na ile picha ya sambaza anaitia mama yake mu mukono, na sambaza hakuna, soko imefungwa. Hatutaki kumunyima juu amesema, lakini tutatoa wapi samaki saa tano ya usiku? Jibu na vokali, ndefu kama unataka, na utume picha ukivaa ile manto, mama mukubwa anaingoja.

Dada yako wa Kadutu