Kama ni kinyesi, tuachieni basi tukibebe

Mhariri,

Nimekuwa msomaji wenu wa kimya kwa miaka mingi, lakini ile habari ya maadhimisho ya Siku ya Mara, siku ya kuhimiza utunzaji wa Mto Mara, imenishinda. Mnaikumbuka: mgeni rasmi kashika koleo la kupandia mti, waalikwa wamevaa fulana za rangi moja, na chini kabisa wito kwamba sisi wananchi wa bonde la mto tupewe elimu. Picha kubwa mkaweka nyumbu wanavuka. Huku Butiama, mto unakoishia kabla ya kuingia ziwani, nyumbu hatuwaoni. Tunaona mafunjo, tope na ng'ombe.

Elimu gani tena, Mhariri? Machi 2022 maji yalipogeuka meusi na samaki wakaelea, Serikali ilizuia watu kuyatumia kwa muda, ikaundwa kamati chini ya Profesa Samwel Manyele, nayo ikaja na jibu: kinyesi na mkojo wa mifugo, pamoja na mimea iliyooza. Nchi nzima ikacheka. Vijiweni watu wakauliza kama ng'ombe wa Mara ndio kwanza wameanza kujisaidia mwaka ule. Wengi walishuku chanzo kingine na siwalaumu, kesi hiyo sina uwezo wa kuiamua. Ila waliocheka kwa kudhani kinyesi hakiui samaki, hao walicheka bure. Kule Maasai Mara, Kenya, kwenye mto huuhuu, watafiti waliwafuatilia viboko zaidi ya 4,000, wakachapisha mwaka 2018 kwamba wanyama hao hushusha mtoni kama kilo 8,500 za majani yaliyosagika tumboni kila siku. Vidimbwi vyao huishiwa oksijeni, kwa sababu vijidudu vinavyoozesha uchafu ule huvuta hewa yote iliyomo majini. Mvua kubwa ikija inavisukuma vidimbwi hivyo kushuka na mto, na samaki walioko mbele mto unakoelekea wanakufa kwa kukosa pumzi. Hakuna aliyemwaga sumu. Sasa kiboko akiweza hayo, kundi la ng'ombe linaloshinda majini kiangazi kizima litashindwa nini?

Kwa hiyo mimi nakubali kwamba kinyesi kinaweza. Swali langu ni kwa waliotangaza: tangu mlipolijua hilo, kinyesi mmekifanyia nini? Maana mwaka uleule, Agosti 8, Nane Nane ya Mbeya, ikazinduliwa ruzuku ya mbolea. Mfuko wa DAP wa kilo 50 ukashuka hadi 70,000, nami nilijiandikisha, nilinunua na ninashukuru. Lakini someni ubavuni mwa mfuko: asilimia 18 ni naitrojeni, 46 ni fosfeti. Naitrojeni na fosforasi hizohizo, kwa kiwango kidogo, zimo kwenye samadi iliyolundikana kwenye mazizi yetu. Machi tukaambiwa ni uchafu unaoua mto, Agosti tukauziwa virutubisho vilevile kwa bei ya huruma, na hakuna ofisi hata moja iliyokaa ikaunganisha Machi na Agosti.

Niwape kisa kimoja. Jirani yangu ana zizi kubwa ukingoni mwa korongo linaloshuka mtoni. Samadi yake ni ya miaka, na kila masika mvua inakwangua lundo inapeleka kwenye korongo. Shamba langu la mahindi limechoka, udongo wake ukiushika unamwagika kama unga. Tukakubaliana: nizoe nitakavyo, bure. Nikakodi guta, nikapakia. Kwenye geti la ushuru kijana akaniuliza nimebeba zao gani. Nikamwambia samadi. Akapitisha kidole kwenye orodha yake, mahindi, mihogo, mtama, dagaa, mkaa, akasema samadi haimo, kwa hiyo nilipe kama mazao mchanganyiko, au nilete kibali cha watu wa mifugo. Watu wa mifugo wakasema samadi ikishatoka zizini ni mbolea, nenda kilimo. Kilimo wakasema mbolea wanayoisimamia wao ni ya kwenye mfuko wenye lebo, hii yako imetoka kwa ng'ombe, rudi mifugo. Mwenye guta naye anahesabu muda wake na mawingu yanakusanyika. Mwishowe akachoka, akamwaga mzigo wote palepale kando ya geti na kuondoka. Usiku ikanyesha. Samadi ikaingia kwenye mtaro wa barabara, mtaro ukaingia kwenye korongo, na korongo mnajua linakokwenda. Yaani kinyesi kikienda mtoni chenyewe hakiulizwi kibali wala ushuru, njia nyeupe. Kikienda shambani ndipo kinageuka kuwa biashara haramu! Halafu baadaye mje na semina mniulize kwa nini situnzi mazingira.

Na hizi mita 60 nazo. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu au zinazoharibu mazingira ndani ya mita hizo kutoka ukingo wa mto, na mimi sina ugomvi nazo, ukanda wa majani kando ya mto unachuja udongo na mbolea kabla havijafika majini. Ila huku kwetu kipimo kinatolewa akionekana mama mwenye matuta manne ya mchicha. Mgambo wanang'oa, wanaondoka na ndoo yake. Mwenye pampu, bustani ya nyanya na jina mjini hapimwi. Ng'ombe ndio kabisa, wanaingia mpaka tumboni, wanakunywa kwa mbele huku nyuma wakiongeza. Wala si kosa la mchungaji, atawanyweshea wapi?

Nina ushauri, na ni wa bei nafuu. Zile fedha za fulana na hema za mwakani zijenge mabirika ya kunyweshea mifugo, moja kwa kila kitongoji kinachopakana na mto, nje ya hizo mita 60, na pampu ya kuvuta maji iwe mikononi mwa wafugaji wenyewe, si kwenye stoo ya mtendaji. Samadi iingizwe kwenye mfumo wa ruzuku: kama simu yangu inaweza kupokea namba ya kununulia DAP, ipokee na namba ya kukodi guta. Na pale getini, chini ya dagaa na mkaa, waongeze mstari mmoja: samadi, bila malipo. Kama tatizo ni karatasi ya kuchapishia orodha mpya, nitainunua mimi.

Mkulima, Butiama, Mara