Kivimbe cha mshipa kisimnyime mgonjwa wa kiharusi dawa

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda imezua hofu, hasa pale iliposema kwamba mwenye kivimbe kwenye mshipa wa ubongo, yaani anurizimu, asiipate kabisa. Napinga.

Hatari ya kuvuja damu ipo, hilo sibishi. Katika utafiti wa Marekani wa mwaka 1995 uliofungua njia ya alteplase, ndiyo dawa hiyo ya kuyeyusha damu, wagonjwa kama 6 katika kila 100 waliopewa dawa walivuja damu ubongoni hadi wakazidiwa; kwa waliopewa dawa bandia hawakufika hata 1. Hata hivyo, waliobaki bila ulemavu au na ulemavu mdogo walikuwa wengi zaidi kwa waliopata dawa. Na damu hiyo kwa kawaida huvuja pale ubongo ulipokwisha kuharibika kwa kukosa damu, si kwenye kivimbe. Ndiyo maana tunahesabu muda: dawa itolewe ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze.

Watu wazima karibu 3 katika kila 100 wana vivimbe hivi, wengi bila habari. Picha ya haraka ya kichwa kwa mashine ya CT mara nyingi haivioni vilivyo vidogo, kwa hiyo wapo waliokwisha kupewa dawa navyo. Mwongozo wa Marekani wa 2019 uliruhusu dawa kwa kivimbe kisichopasuka kilicho chini ya milimita 10. Kikiwa kikubwa sana, ushahidi ni mchache na daktari hana budi kupima faida na hasara. Kikishapasuka, hapo dawa haitolewi: mgonjwa hushikwa ghafla na maumivu makali ya kichwa asiyowahi kuyaona.

Kinachotukwamisha mapokezi ni kingine. Ndugu wanasema, "Imemwanza leo asubuhi." Ukidadisi, unakuta mgonjwa alilala mzima saa tatu usiku, akaamka mdomo umepinda. Kwetu muda unahesabiwa tangu hiyo saa tatu. Ripoti inayotaja ukubwa wa kivimbe nayo imeachwa nyumbani, pamoja na dawa anazomeza. Mje nazo, jamani. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, kwa mfano, anaweza kukosa dawa hii kwa sababu hiyo tu, hata kama hana kivimbe chochote.

Muuguzi, idara ya dharura
Mwanza