Gari yako haina gia tano, shosti

Shosti wangu,

Meseji zako zote nimezisoma, ile ya mwisho nimeirudia mara mbili, na samahani lakini nimecheka pale uliposema muuzaji alikwambia kigari ni cha oto cha gia nne na we umehesabu tano, siku nyingine sita, kwaiyo sasa hujui kama ulidanganywa au ni mzuka. Usinune. Nimecheka kwa sababu mi mwenyewe nilihesabu hivyo hivyo mwezi wa kwanza na kile kikongwe changu, nikampigia fundi usiku kabisa namwambia gia boksi inajiongezea gia, akanyamaza kidogo alafu akaniambia mama lala tutaongea kesho.

Naandika barua badala ya kukujibu kwa meseji kwa sababu kwenye mambo manne uliyonitajia, matatu (hizo gia za ziada, kuchelewa kubadili asubuhi, na injini kulia ukiteremka mlima) hayaniumizi kichwa hata kidogo, ila moja linaniumiza, na we umeliweka mwisho kabisa kama kitu cha kupita tu. Ntalifikia. Na mwambie shemeji asimpigie mtu yeyote wa gia boksi za mtumba mpaka umalize kusoma, maana wanaume wakisikia gari inashtuka wanataka kushusha kitu kizima.

Tuanze na hiyo gia ya tano. Kati ya injini na gia boksi ya oto hakuna klachi ya mguu, kuna kile kidude cha mviringo mafundi wanakiita toki konveta, kimejaa oili. Injini inazungusha upande mmoja, oili inazunguka, oili nayo inazungusha upande wa pili. Chukua ndoo ya maji koroga kwa mkono, jani lililo ndani litazunguka ingawa hujaligusa, ila halitazunguka kasi sawa na mkono wako, litabaki nyuma kidogo. Huko kubaki nyuma ni mafuta yanapotea na joto linaongezeka bure, ndo maana ukishakuwa kwenye mwendo umetulia, kompyuta inafunga klachi ndogo iliyo mle mle ndani na pande mbili zinashikana zinakuwa kitu kimoja. Ikifunga, mshale wa resi unashuka kama mia mbili mia tatu hivi, na we ukiwa kwenye kiti unasikia kabisa "imebadili gia". Haijabadili. Gari ya gia nne mshale unashuka mara tatu tu, kwanza kwenda pili, pili kwenda tatu, tatu kwenda nne, ule mshuko wa nne ndo huo wa kufunga. Na ukilainisha mguu au ukigusa akseleta kidogo inafungua, resi inapanda, alafu inafunga tena, kwaiyo ndo hiyo ya sita yako.

Hakikisha mwenyewe usiniamini mimi. Barabara iliyonyooka, nyuma yako hakuna mtu, gari ishapata moto vizuri, nenda kama 70 umetuliza mguu wa kulia, alafu mguu wa kushoto gusa breki kidogo sana, ile ya kuwasha taa za breki tu sio ya kusimamisha gari. Polepole, mguu wa kushoto haujazoea breki unaweza ukajikuta paji la uso liko kwenye kioo. Mshale ukiruka juu kidogo huku spidi iko pale pale, na ukiachia breki baada ya muda ukarudi chini, basi umeshaonana na mgeni wako. Swichi ya breki ndo inaiambia kompyuta ifungue. Na hapo hapo ujue kitu kimoja wengi hawakijui, swichi ya breki ikiharibika ikawa inasema breki imekanyagwa muda wote, klachi hiyo haifungi kamwe na gari inakunywa mafuta, na gia boksi yenyewe haina kosa lolote.

Ila kama wakati wa kufunga unasikia mtetemo, drrrrr, kama tairi zinapita juu ya bati la migongo kwa sekunde mbili tatu alafu basi, hapo niambie, hiyo sio tabia hiyo ni dalili. Yangu ilifanya hivyo baada ya fundi fulani kunibadilishia oili ya gia akaweka ile ya pipa, eti "hii inaingia kwenye oto zote". Shoga, hakuna oili ya oto zote. Toyota peke yake ana T-IV na ana WS na hazichanganywi, Honda ana yake, Chrysler anataka ATF+4, na hizi za CVT ambazo hazina gia za kuhesabu kabisa zina oili yake mbali na ukiweka ATF, yaani oili ya kawaida ya gia za oto, mle umeiua. Zile klachi za ndani zinategemea oili iwe na utelezi wa kiwango chake, ukizidi au ukipungua zinashika na kuachia, zinashika na kuachia, ndo mtetemo wenyewe. Yangu ilimwagwa ikajazwa inayotakiwa, tukarudia tena na tena kila baada ya kuendesha siku kadhaa, kwa sababu ukifungua ile nati ya chini inatoka sehemu tu, nyingine inabaki ndani ya toki konveta, na mtetemo ukaisha. Lakini plagi na koili ziangaliwe kwanza maana injini ikimisi kidogo inatetemeka karibu hivyo hivyo, na inasikika zaidi klachi ikiwa imefunga.

Haya, asubuhi kuchelewa kubadili. Kawaida. Injini baridi, oili nzito, kompyuta inashikilia gia muda mrefu makusudi ili ipate moto haraka, na haiifungi ile klachi mpaka joto lifike. Ungeniambia inafanya hivyo hata baada ya nusu saa ningesema angalieni themostati, kile kidude kinachozuia maji ya rejeta mpaka injini ipate moto, maana ikikwama wazi injini haipati joto lake na gia boksi inaendelea kudhani ni asubuhi siku nzima.

Na kuteremka mlima ukigusa breki alafu injini inalia yenyewe, hiyo pia ni akili yake, imeona unateremka na unashika breki ikaamua kurudi gia ya chini ikusaidie kuzuia. Sio zote zinafanya hivyo, yako inaonekana inafanya, shukuru, breki zako zitakaa. Na ukumbuke kigari kile siku uko peke yako na siku umebeba watu saba na mizigo ni magari mawili tofauti, ukiwa umejaza kila kilima kidogo kitaipandisha ya nne na kuirudisha ya tatu, nne, tatu, nne, mpaka uchoke. Hapo bonyeza kile kitufe cha O/D (ovadraivu, yaani hiyo gia ya nne) kwenye mkono wa gia, taa ya O/D OFF itawaka, itabaki kwenye tatu itatulia. Ukimaliza mlima rudisha.

Rudisha kweli. Nakusisitizia kwa sababu kuna aibu nimeibeba peke yangu muda mrefu. Yangu, aliyeniuzia alikuwa ameacha kitufe kimebonyezwa, na taa yenyewe ya O/D OFF ilikuwa imeungua, kwaiyo miezi minne niliendesha gari isiyoingia gia ya nne, resi juu, kelele, mafuta yanaisha, fundi mmoja akaniandikia karatasi ya kubadili gia boksi nzima. Mtoto ndo alibonyeza akicheza. Tulikuwa njiani, akabonyeza, gari ikanyamaza. Nikajua injini imezima, nikatoka pembeni natetemeka, kumbe ndo mara ya kwanza inaingia nne tangu niinunue.

Sasa hilo la nne. Umeandika hivi, nakunukuu mwenyewe, "alafu nikiweka rivasi inakaa kwanza ndo inagonga, ila sio sana". Shosti, hiyo "inakaa kwanza" ndo nimekaa nayo mimi tangu jana. Vitabu vya ufundi vya Toyota vinataka kutoka N (nyutro) kwenda D (ya mbele) isizidi sekunde 1.2, na N kwenda R (rivasi) isizidi 1.5. Vipimo vya wengine havitofautiani sana na hapo. Kwaiyo chukua saa ya simu, injini ya moto, sehemu tambarare, breki ya mguu imekanyagwa mpaka chini na handbreki juu, toa N weka R uhesabu mpaka usikie imeshika. Rudi N, iache dakika nzima, rudia. Fanya mara tatu na uandike. Alafu fanya hivyo asubuhi gari ikiwa baridi. Ikichelewa baridi tu alafu moto inashika haraka, mara nyingi ni raba za ndani zimekauka, zinavujisha presha mpaka zipate joto zilainike. Ikichelewa muda wote, cha kwanza ni oili kupungua au chujio kuziba, na cha mwisho ndo klachi za rivasi kuisha.

Kugonga ni jambo jingine na linaweza lisihusiane kabisa. Angalia mshale kabla hujaingiza, kama AC imewashwa au injini baridi na resi imekaa 1200 au zaidi, lazima ishtuke. Ikiwa moto na iko kwenye mia saba hivi na bado inagonga, fungueni boneti, shemeji asimame pembeni, PEMBENI sio mbele, we ukiwa umekanyaga breki toa D weka R. Injini ikinyanyuka kama inataka kutoka, ni mauntingi zimekatika, na hizo ni raba na vyuma tu vya kushikilia injini, gia boksi haiguswi.

Kabla ya yote hayo, dipstiki. Sio ile ya oili ya injini, nyingine. Endesha mpaka ipate moto, paki tambarare, injini inanguruma, pitisha mkono wa gia kwenye kila nafasi polepole mpaka mwisho na urudi P, chomoa, futa, chomeka, chomoa tena usome upande ulioandikwa HOT. Nyingi ndivyo zinavyopimwa, ila Honda yeye anataka uzime injini kwanza alafu upime haraka, na kuna nyingine hazina dipstiki kabisa, zinapimwa kwa chini kwa kufungua nati oili ikiwa kwenye joto maalum, hizo usihangaike nazo mwenyewe. Dondoshea tone kwenye tishu nyeupe. Nyekundu au ya pinki iliyo wazi, nzuri. Kahawia, imechoka. Nyeusi na inanuka kama kitu kimeungua, klachi zimeshaanza kuungua na hapo ntakuwa mpole kwa shemeji. Ikiwa pinki ya maziwa maziwa, usiwashe hata kuisogeza, maji ya rejeta yameingia kwenye oili. Na ikiwa imepungua usiongeze tu ukaona umemaliza, oili ya gia haiungui ikaisha kama ya injini, ikipungua imetoka mahali, ingia chini utafute. Usijaze kupita alama pia, ikizidi inachapwa inatoa povu na povu halishiki kitu.

Nilitaka kusahau, si mlibadili betri wiki ile? Kwenye magari mengine kompyuta ya gia inajifunza jinsi klachi zilivyochakaa na jinsi unavyokanyaga, ukitoa betri inasahau, inaanza upya kama mfanyakazi mpya, siku chache inashtuka shtuka. Endesha taratibu bila kukanyaga mpaka chini na uone kama inatulia. Kama ile rivasi ilianza kabla ya betri niambie ukweli.

Na taa ya O/D OFF ikianza kupepesa yenyewe bila we kubonyeza, au gari ikang'ang'ania gia moja ya kati haibadili mpaka uzime na kuwasha, hiyo imejilinda, kuna kodi (namba ya hitilafu) imehifadhiwa kwenye kompyuta. Wapime kwa mashine, na wakikuletea P0700 peke yake wakasema ndo ugonjwa wakatae, hiyo maana yake ni "kuna kodi nyingine nenda kaisome kwenye kompyuta ya gia". Nataka hiyo nyingine.

Kwaiyo kesho asubuhi kabla ya watoto hawajaingia ndani ya gari na kuanza kelele, nipimie zile sekunde za rivasi, baridi na moto, na unitumie picha ya tishu kwenye mwanga wa jua, sio chini ya ile taa yenu ya njano inayofanya kila kitu kionekane kahawia.

Msalimie shemeji, mwambie nimesema aache simu.

Wako wa siku zote,
Mama Zuhura