Barua ya wazi kwa Mwenyekiti wa Kamati ya Vitabu: naziondoa alama zangu 84

Ndugu Mwenyekiti,

Salaam. Fomu ya tathmini ya kitabu kinachopendekezwa kwa somo la Uchambuzi na Usanifu wa Mifumo ina saini yangu chini kulia. Mimi ndiye niliyekipa alama 84 kwa 100. Nimesikia kamati itakaa mwisho wa mwezi kuidhinisha ununuzi wa nakala 40, na kwamba alama hizo ndizo zinazotajwa kama hoja kuu. Nakuandikia kuziondoa. Ningeweza kupitisha dokezo sabili ofisini kwako, lakini fomu hiyo hiyo wanaijaza walimu wa masomo mengine, na nadhani yaliyonikuta mimi yamewakuta na wao.

Fomu inauliza mwaka wa toleo, idadi ya kurasa, wingi wa michoro, kama kila sura ina maswali mwishoni, na kama karatasi ni imara. Kitabu hiki kina kurasa zaidi ya 600, jalada gumu, na kila baada ya kurasa mbili tatu unakutana na mchoro wa rangi. Kwa vipimo hivyo hata 84 ni uchoyo. Niliijaza saa nane mchana nikiwa na kipindi saa nane na nusu. Sijitetei, naeleza tu ilivyokuwa.

Wiki iliyofuata dhamiri ilinisuta, nikaamua kukijaribu. Nilichukua wanafunzi watano wa mwaka wa pili, nikawasomesha sura ya nne, ile ya kukusanya mahitaji ya watumiaji, kama ilivyo, bila kuongeza langu. Kisha nikawatuma kwenye duka la dawa muhimu karibu na stendi, kwa mama ambaye miaka yote nimenunua kwake dawa ya kikohozi na ambaye alikubali kusumbuliwa. Kazi yao ilikuwa kuelewa anavyofuatilia mauzo na akiba ya dawa, halafu wachore mfumo alio nao sasa.

Walikwenda na maswali ya kwenye kiambatisho cha kitabu. La kwanza walilitafsiri vizuri kabisa: "Ni changamoto zipi unakabiliana nazo katika mfumo wako wa sasa?" Mama akajibu, "Hakuna changamoto, wanangu, tunamshukuru Mungu." La pili likapata jibu hilo hilo. Baadaye aliniambia huku akicheka kwamba aliona vijana wamechomekea, wana kalamu na karatasi, akajua watu wa kodi wametanguliza watoto.

Wakarudi na mchoro. Mteja anaomba dawa, duka linapokea fedha, dawa inatoka, mauzo yanaandikwa daftarini. Mishale imenyooka na kila mshale una jina lake. Kwa mizani ya kitabu ningewapa A.

Mmoja wao, binti mkimya, hakuridhika. Jumamosi alirudi peke yake, akaamkia, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa nyuma ya kaunta, akawa anasaidia kuhesabu vidonge na kufunga bahasha. Saa nzima hakuuliza kitu. Kauntabuku ilikuwa wazi mbele yake: tarehe, jina la dawa, idadi, shilingi. Pembeni mwa baadhi ya mistari palikuwa na nukta nyekundu. Wenzake waliziona siku ya kwanza wakadhani biki imevuja. Yeye akauliza, "Mama, hizi nukta ni za nini?"

Ni za watu waliochukua nusu dozi. Dozi ya dawa mseto ya malaria kwa mtu mzima ni vidonge 24 kwa siku tatu. Mwenye fedha pungufu huomba vya leo tu, akiahidi kurudi kesho. Mama anajua haitakiwi, lakini anajua pia kwamba akimnyima ataondoka mikono mitupu na homa yake. Basi anaweka nukta. Jioni kabla ya kufunga anazipitia, na ambaye hajarudi anamtuma mwanawe akamgongee mlango. Mtu akija kumalizia, nukta inazungushiwa duara.

Ndugu Mwenyekiti, mauzo hata mashine ya risiti inayaandika. Kazi ya mchambuzi mifumo katika duka lile iko kwenye nukta. Ni kumbukumbu ya jambo lisilokamilika, yenye hali mbili, mtu wa kuifuatilia na saa ya kufuatiliwa. Mtu akimjengea mama yule programu kwa mchoro wa kwanza, programu itafanya kazi bila kasoro, na mama ataendelea kuficha kauntabuku chini ya meza. Atakayemrithi hataijua, na mgonjwa wa nusu dozi hatagongewa mlango tena. Kitabu chetu, katika kurasa zake 600, kimeyapa mahojiano kurasa 11, na nyingi ya hizo zinaeleza namna ya kupanga viti.

Nilirudi kitabuni, safari hii na penseli. Sura ya saba inafundisha kwa usahihi kwamba katika mchoro wa mtiririko wa data, yaani ule unaoonyesha kwa mishale data inakotoka na inakokwenda, mchakato unaopokea data bila kutoa chochote ni shimo, na unaotoa bila kupokea chochote ni muujiza, na vyote viwili ni makosa. Kurasa sita mbele, kwenye mfano uliopakwa rangi nzuri ya samawati, mchakato wa kuandaa ripoti ya mwezi unatoa ripoti na hauna hata mshale mmoja unaoingia. Muujiza! Mchoro wa muktadha, ule wa juu kabisa unaoonyesha mfumo mzima kama kitu kimoja, una mishale minne inayovuka mpaka wa mfumo. Ukifungua ngazi ya chini yake imekuwa mitano, na huo wa tano haielezwi umetoka wapi. Mwanafunzi anasoma kwamba ngazi lazima zilingane, halafu macho yake yanamwambia kwamba si lazima. Tena duara za mwandishi DeMarco zimechanganywa ukurasa mmoja na mistatili yenye pembe za mviringo ya waandishi Gane na Sarson, kana kwamba ni mapambo. Ni mitindo miwili ya kuchora jambo moja, na mtu huchagua mmoja akabaki nao. Michoro hiyo niliipa 18 kwa 20, kwa kuwa fomu iliuliza ni mingi kiasi gani.

Sura ya historia nisingeigusa kama isingenipa kazi kila muhula. Kitabu kinasema Winston Royce, mhandisi wa programu wa Marekani, mwaka 1970, alipendekeza modeli ya maporomoko: maliza mahitaji, shuka kwenye uchambuzi, shuka kwenye usanifu, kisha kuandika programu, kisha majaribio, usirudi nyuma. Ni kweli mchoro huo aliuchora. Lakini hapo hapo akaonya kwamba kufanya kazi hivyo ni hatari na kunakaribisha kushindwa, akatumia sehemu kubwa ya andiko lake kueleza marekebisho, mojawapo likiwa kuujenga mfumo mara mbili ili ule wa kwanza uwe wa kujifunzia. Neno maporomoko lenyewe hakulitumia. Kutoka hapo kitabu kinaruka hadi 2001, kwa wale watu 17 waliokutana Snowbird, Utah, wakaandika ilani ya ajaili, yaani kujenga kidogo kidogo huku mtumiaji akiona na kusema. Na mimi kila mwaka nasahihisha ripoti za miradi zinazoanza, "Tumechagua maporomoko kwa sababu ndivyo alivyopendekeza mtaalamu."

Hakuna hata sentensi kuhusu Lyons, kampuni ya Uingereza ya migahawa ya chai na mikate, ambayo mwaka 1951 iliiweka kompyuta yake, LEO, kwenye hesabu za viwanda vyake vya mikate. David Caminer, mmoja wa walioongoza kazi ile, alikuwa ameshaongoza kitengo cha Lyons cha kuchunguza taratibu za ofisi. Alijua mkate unavyohesabiwa kabla hajaijua kompyuta. Wanafunzi wangu huipenda habari hii kuliko zote, nadhani kwa sababu huwa ninaisimulia karibu na saa nne, wakati wa chai.

Kuhusu mfumo wa kupanga magari ya wagonjwa London, ulioanguka Oktoba 1992, kitabu kina aya moja: kompyuta ilizidiwa. Mfumo ule ulitegemea kujua, karibu bila kosa, kila gari liko wapi na lina hali gani. Magari hayakuripoti kama ilivyodhaniwa, picha iliyomo kwenye kompyuta ikaachana na barabara, tahadhari zikarundikana kwenye skrini, na watu waliokosa gari wakapiga simu tena na kuongeza foleni. Ndiyo nukta nyekundu ile ile, kwa ukubwa wa jiji.

Mfano unaobeba kitabu kizima ni duka la kukodisha kanda za video linalolipwa kwa hundi. Kijana mmoja aliniuliza, "Mwalimu, sasa kanda unairudisha ili iweje?" Ilibidi nieleze kanda kwa dakika kumi kabla hatujafika kwenye mfumo. Sidai kila mfano utoke kwetu, mkate wa Lyons ni wa mbali na unafundisha vizuri. Nadai mfano ambao mwanafunzi anaweza kuuhoji. Chukua LUKU, umeme wa kulipia kabla. Unalipa kwa simu, unapokea tokeni ya tarakimu 20, unaibonyeza kwenye mita, umeme unawaka. Mita yenyewe ya kubonyeza haihitaji intaneti, uniti ulizonunua zimo ndani ya tarakimu zile. Na kila aliyemo darasani anaujua usiku ule ambao fedha imekatwa, tokeni haijaja, na nyumba ni giza. Uliza hapo: muamala huu sasa hivi uko wapi? Kwenye hazina data ya nani? Nani anajua haujakamilika? Hata wanaosinzia nyuma wanainua mikono, na nusu yao wana hasira.

Jambo la mwisho dhidi yake ni sura ya usalama, ambayo kwa kweli ni sura ya nywila. Nukta ya mama wa duka la dawa ni taarifa ya afya ya mtu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023. Mchambuzi anayehitimu kwetu leo anatakiwa kuuliza, kabla hajachora hata jedwali moja, kama taarifa hiyo inahitajika, nani ataiona, na itakaa muda gani. Kitabu kinamfundisha kwamba nywila iwe na herufi kubwa.

Nisikinyime haki yake. Sura ya tisa na ya kumi, za kanzidata, ni nzuri kwelikweli. Zinaanza na risiti moja iliyokunjamana na kuipeleka taratibu, bila kumtisha mtu, hadi umbo la tatu la urekebishaji, yaani kupanga majedwali ili taarifa isirudiwe ovyo, na uhusiano wa vitu unachorwa kwa mtindo wa Peter Chen wa 1976 bila kosa hata moja nililoliona. Na sehemu ya upembuzi yakinifu inaonyesha gharama ambazo watu husahau, kama mafunzo na matengenezo. Hizo ningezifundisha kesho.

Kwa hiyo naomba kamati inunue nakala tano za maktaba, kwa ajili ya sura hizo, na isiziagize zile 35. Fedha itakayobaki ni nauli na chai ya kuwapeleka wanafunzi madukani, vituo vya afya na maghala ya mazao kwa mwaka mzima. Mimi na mwenzangu wa idara tumeshaandika kurasa 14 za mfano wa duka la dawa, kwa ruhusa ya mama na bila jina la mgonjwa yeyote. Ziko tayari kukosolewa.

Na fomu, tafadhali, ibadilishwe. Sihitaji ukurasa wa pili. Nahitaji mstari mmoja unaomtaka mtathmini aseme ni sura ipi aliifundisha, kwa nani, na walirudi na nini. Mwalimu ambaye hakufundisha hata sura moja aruhusiwe kuandika hivyo, na alama yake isihesabiwe. Kwa kanuni hiyo, yangu ya kwanza isingehesabiwa.

Nakala niliyopewa kuitathmini nimeirudisha maktaba leo asubuhi. Alama za penseli zimo pembeni, kuanzia sura ya nne, pamoja na muujiza wa rangi ya samawati. Mkutubi ameniambia kwa upole kwamba vitabu haviandikwi na kwamba atazifuta. Naomba umwambie asubiri hadi kikao kiishe.

Wako katika kazi,
Mwalimu wa Uchambuzi na Usanifu wa Mifumo