Tuwaulize watoto maneno, tusiwanakilishe tu

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na walimu wenzangu wa Kiingereza katika skuli za msingi, Unguja na Pemba.

Mtindo tuliouzoea ni kuandika maneno ubaoni pamoja na maana zake, darasa likaitikia kwa pamoja, kisha watoto wakanakili. Daftari linapendeza, limejaa tiki nyekundu. Lakini funika safu ya Kiingereza kwa kiganja, umuulize mtoto ndoo inaitwaje. Wengi hukodolea macho dari. Kumbe walikuwa wakifuata sauti za wenzao.

Mwaka 2008 watafiti wa Marekani, Jeffrey Karpicke na Henry Roediger, walichapisha jaribio walilolifanya kwa maneno ya Kiswahili chetu hiki. Wanafunzi wa chuo kikuu walipewa jozi 40 za maneno ya Kiswahili na Kiingereza. Walioendelea kuulizwa maneno yote walikumbuka kama asilimia 80 baada ya wiki. Wale ambao neno wakishalipata mara moja hawaulizwi tena, hata waliporudia kulisoma, walibakiwa na asilimia 33 hadi 36. Hao ni watu wazima, kweli, lakini vyuoni mwetu, vya Kurani, je? Mtoto hapewi aya mpya mpaka aisome ya jana kwa ghibu, peke yake, mbele ya mwalimu. Kwa nini Kiingereza tukifundishe kinyume?

Picha na vitu halisi ni vizuri kwa kuanzia. Vitendo pia: James Asher wa Marekani alishikilia tangu miaka ya 1960 kwamba mwanafunzi asikie amri na aitende kabla ya kutakiwa kusema. Darasa la kwanza na la pili hufurahia sana kuinuka, kukaa, kugusa mlango. Ila huwezi kuigiza "kwa sababu", wala maneno mengi ya sayansi wanayokutana nayo baadaye.

Nitaambiwa madarasa yamefurika. Basi wakae wawili wawili, mmoja afunike, mwenzake aulize, halafu wabadilishane. Haihitaji hata chaki. Na maneno ya Jumatatu yaulizwe tena Alkhamisi, na tena wiki ya pili.

Wakaguzi nao nawaomba jambo moja. Mkifika darasani msitosheke na kuhesabu kurasa zilizosahihishwa. Fungeni daftari, muulizeni mtoto.

Mwalimu wa skuli ya msingi,
Wete, Pemba